Baada ya Utepe Kukatwa

Kila mradi wa kijijini niliowahi kuufanyia kazi ulikuwa na bajeti ya kwenda: mafuta ya gari, posho, viti vya kukodi siku ya uzinduzi, hata fulana zenye jina la mradi. Fungu la kurudi baada ya miaka mitatu au mitano sikuwahi kulikuta. Nilianza kama afisa maendeleo ya jamii wa kata, baadaye nikafanya kazi na mashirika yanayoshughulika na maji vijijini, na kazi hiyo imenizungusha sehemu kubwa ya Tanzania kwa basi, kwa treni na kwa bodaboda. Nilichobaki nacho ni hiki: kijiji hukijui mpaka ukirudie, na ukirudie siku ambayo huna cha kuzindua.

Siku ya uzinduzi siidharau. Wanakijiji huwa wamechimba mtaro kwa majembe yao kwenye ardhi ngumu, wamesomba mchanga na kokoto, na akina mama wamewapikia mafundi muda wote wa ujenzi. Mwenge wa Uhuru unapofika, au mkuu wa wilaya anapofungua koki na maji yakaruka, vigelegele vinavyopigwa ni vya haki kabisa. Ila siku hiyo haikwambii mambo mengi. Pampu ni mpya. Kila mtu yupo, hata yule ambaye mwezi ujao atakataa kuchangia, na yule ambaye bomba limepita shambani kwake bila kuulizwa. Majibu ya mambo hayo huja polepole, na yanapofika, gari la mradi limeshahamia wilaya nyingine.

Katika vijiji vingi vya zamani utakuta kibanda cha matofali karibu na kisima, ndani yake mashine ya dizeli iliyoliwa na kutu. Wenyeji hukiita nyumba ya mashine. Nyingi kati ya mashine hizo zilikuja na mpango mkubwa ulioanza mwaka 1971, ambapo serikali ilijipa miaka 20 ili ifikapo 1991 kila kaya ya kijijini iwe inapata maji safi na salama ndani ya mita 400. Wafadhili waligawana mikoa: Ufini ikaenda Mtwara na Lindi, Uswidi Kanda ya Ziwa, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Uholanzi Shinyanga na Morogoro. Maji yalikuwa bure, na dizeli ilitoka serikalini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta ikapanda duniani, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, na mashine zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 ukafika na kupita. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaweka umiliki na uendeshaji mikononi mwa wanakijiji wenyewe, huku ikibaki na mita zile zile 400, lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250. Mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ili maji ya vijijini yawe na mwenyewe anayeulizwa.

Niliwahi kukaa na mzee mmoja aliyekuwa mwendesha mashine wa kijiji chao miaka hiyo ya mpango. Sikumsikia akiisema vibaya mashine. Kilichomkaa moyoni ni kwamba aliandika barua akiomba vipuri, akaandika tena, na hakuna mtu aliyekuja. “Mwanangu, wangekuja tu wakatuambia vipuri hakuna, tungejua tujipange vipi,” alisema. Nimesoma tathmini nyingi za miradi ya enzi hizo. Hakuna iliyonieleza kilichotokea kwa ufupi kama mzee huyo.

Mkoa wa Singida ndiko nilikojifunza zaidi. Kuna kijiji kimoja huko, kimezungukwa na mashamba ya alizeti, ambako tulisaidia kuchimba visima vifupi na kufunga pampu za mkono aina ya Afridev. Pampu hiyo ilibuniwa miaka ya 1980 kwa nia maalumu: mwanakijiji aweze kuifungua na kuitengeneza mwenyewe kwa spana moja, bila kusubiri winchi wala fundi kutoka mjini. Kijiji kilichagua watu wawili wa kufundishwa ufundi. Mmoja alikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, mwepesi wa kushika mambo. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyependekezwa na wanawake wenzake, na mwanzoni wanaume kadhaa waliguna mkutanoni.

Niliporudi miaka kadhaa baadaye, kwa nauli yangu, kijana alikuwa Dar es Salaam. Ufundi ule pamoja na cheti chake vilimpatia kazi kwenye kampuni ya ujenzi, na siwezi kumlaumu. Hivyo ndivyo kijana anavyotakiwa kufanya. Mama alikuwa pale pale, na jina lake lilishabadilika kuwa Mama Fundi. Asubuhi nilipofika pampu ya karibu na shule ilikuwa inavuta hewa. Alifungua kofia ya pampu, akang'oa mkono, kisha akaanza kuvuta fimbo za chuma, akizilaza juu ya turubai kwa mpangilio ili mchanga usiingie kwenye ndoano. Fimbo ya mwisho ilipotoka ikiwa na pistoni yake, akanionyesha mpira wa duara uliokuwa umelika upande mmoja. Unaenea kiganjani. Kisima kizima, saruji yote ile, jasho la kijiji kizima, vilikuwa vimesimama kwa sababu ya kimpira hicho. Alikuwa nacho kipya mfukoni mwa gauni, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Kabla mchana haujawa mkali maji yalikuwa yanatoka.

Nilimuuliza kwa nini yeye ameendelea na kazi hiyo wakati malipo yake ni madogo. Alinijibu huku akifuta grisi mikononi: “Mdogo wangu, hii ikikaa imeharibika, anayekwenda kuchimba mchanga wa korongo alfajiri ni mimi na binti zangu. Mwanamume ataambiwa tu chakula kimechelewa.”

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa maoni kuhusu nani afundishwe ufundi wa maji, nauliza kwanza: pampu ikisimama, ni nani atakayetembea? Huyo ndiye afundishwe. Elimu ya shule ni nzuri, lakini haimshikilii mtu kijijini, na hatuna haki ya kutaka imshikilie.

Pale pale Singida niliona daftari. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limeshonwa kwa uzi, na mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji amelipigia mistari kwa rula: tarehe, ndoo ngapi, kiasi gani, nani kachota. Kila robo mwaka, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, anasimama na kusoma mapato na matumizi kwa sauti. Kuna siku nilikuwepo. Alisoma shilingi ngapi zilinunua mpira, ngapi zilimlipa mlinzi, ngapi zimebaki. Mzee mmoja akauliza kwa nini mapato ya Machi ni madogo kuliko ya Septemba. Mweka hazina akajibu kwamba wakati wa mvua watu wanakinga maji ya mabati, hawaji kisimani, na kila mtu aliyekuwepo alijua ni kweli. Mkutano ukaendelea na suala la mbuzi wanaokula miche ya shule.

Swali la mzee yule lina thamani kuliko warsha nyingi nilizowahi kuandaa. Fedha za maji zikisomwa hadharani na watu wakauliza, pampu ina mlezi. Zikianza kusomwa chumbani, baina ya watu wawili watatu, ujue kufuli limekaribia. Nimeona vijiji vyenye tenki kubwa la zege na vilula kila kitongoji, kila kitu kimejengwa kwa viwango, ambavyo vilikauka kwa sababu mwenyekiti aliona aibu kusema fedha zimekwenda wapi, na watu wakaacha kulipa kimya kimya.

Upareni, wilayani Same, nilikuta watu ambao suala hili walilimaliza zamani sana, kabla ya Wajerumani kufika. Kule milimani kuna ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe, siku hizi mengine yamesakafiwa kwa saruji, linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwenye mifereji kwenda mashambani kwa zamu, na jioni linafungwa tena. Kijito ambacho peke yake kisingefika hata shamba la kwanza kwa nguvu, kikilala usiku mmoja ndani ya ndiva kinapata uwezo wa kumwagilia mahindi na maharage bondeni.

Ujenzi wenyewe unastahili kusifiwa, lakini kilichonishika zaidi ni matope. Kila mvua inaposhusha udongo, ndiva inajaa tope, na isipozolewa itakuwa sahani. Hivyo watu wanarudi. Kila msimu, kwa msaragambo, kila nyumba inatoa mtu mwenye jembe au karai, na asiyefika anatozwa. Mwenye zamu anajulikana, mtunza mlango wa maji anajulikana, na ugomvi wa zamu una mahali pa kusuluhishwa. Hakuna aliyewahi kuwakabidhi Wapare ndiva kwa risala na jiwe la marumaru. Kurudi kumeshonwa ndani ya kazi yenyewe, ndiyo maana vitukuu wanazoa tope lile lile walilozoa mababu. Sisi wataalamu tulipokuja na neno “uendelevu” tulipaswa kwanza kwenda kukaa kando ya ndiva na kutazama.

Kurudi kuna upande wake mchungu pia. Kwenye miteremko ya Mlima Meru kuna vijiji ambavyo maji hayajawahi kuwa haba. Chemchemi zinatiririka mwaka mzima, maji maangavu na baridi, na kwenye takwimu za mita 400 vijiji hivyo vimefaulu. Ukifika mara moja, ukapima umbali na kuhesabu koki, utaandika ripoti nzuri. Ukirudi baada ya miaka, watoto uliowaacha wakinyonya wanakuja kukupokea, wanacheka, na meno yao yana rangi ya kahawia. Ni madini ya floraidi, yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya vyanzo vya ukanda huo vinapita hapo mara kadhaa. Meno huharibika yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, katika miaka ya mwanzo ya utoto. Yakishatoka hayarudi kuwa meupe. Kwa wengine, maji yale yale yakinywewa miaka mingi hufika hadi kwenye mifupa, na utaona mtu mzima wa umri wa kulima akitembea kwa kujikokota.

Huko Ngurdoto kipo kituo cha utafiti kilicho chini ya Wizara ya Maji kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kazi yao naiheshimu sana. Wito wangu kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni kwamba, kabla hujatangaza kijiji kimepata maji, tazama vinywa vya watoto wa darasa la tatu.

Ninaposema safari, sizungumzii magari ya mradi yenye vioo vilivyofungwa. Gari hilo hufika kiangazi, njia ikiwa kavu, na huondoka kabla jua halijazama. Nimejifunza kwenda masika. Masika ndipo unapoona ni kitongoji gani kinakatwa na mto, ni mjamzito gani amebebwa kwa machela hadi ng'ambo, na kwa nini mapato ya kisima yanashuka. Nimejifunza pia kushuka kwenye basi barabara kuu na kuchukua bodaboda. Dereva wa bodaboda ni mtu wa kwanza wa kumuuliza. Ukikutana na pikipiki nyingi zimefungwa madumu ya njano, manne manne, zinaelekea kule unakokwenda, tayari una jibu kabla hujafika: pampu imesimama, na watu wananunua maji.

Treni nayo nimeipenda. Reli ya Kati, ile ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914, imenilaza usiku mwingi kwenye benchi la daraja la tatu kati ya Dodoma na Tabora. Mkulima wa mpunga, muuza samaki, askari anayekwenda likizo, mama anayempeleka mjukuu hospitali: usiku mzima mnagawana nafasi, chakula na habari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakimbia Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, nami naipanda kwa furaha, lakini mengi ninayoyajua kuhusu maisha ya vijijini niliyapata kwa sababu zamani tulikuwa hatufiki haraka.

Watu huniuliza nimepata nini. Wanauliza kwa upendo. Wenzangu tulioanza pamoja wengi wako mjini, wana ofisi, wana nyumba za maana, na walistahili. Kazi yetu inamlipa mtu kwa kwenda mahali papya. Posho iko kwenye warsha, kwenye wilaya mpya, kwenye andiko jipya. Ukichagua vijiji vichache na kuvirudia, miaka inapita huku wasifu wako wa kazi ukionekana mfupi. Nyumbani nako kuna gharama yake. Mwenzangu amebeba mambo ya watoto wiki nyingi ambazo mimi nilikuwa njiani, na uamuzi huu tuliufanya wawili, tukaufanya tena kila watoto walipopanda darasa. Binti yetu mkubwa nilianza kwenda naye wakati wa likizo. Aliporudi kutoka Same mara ya kwanza, aliacha kufungua bomba la nyumbani mpaka mwisho. Sikumwambia kitu.

Baba yangu alipofariki, tukiwa tumekaa msibani, walishuka watu watatu kwenye basi la kutoka Singida. Mama Fundi, mweka hazina, na mzee wa kitongoji. Walisafiri siku nzima. Walikuwa na bahasha ya rambirambi na karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula, majina ya waliochangia na kiasi cha kila mmoja, mia tano, elfu moja, elfu mbili, jumla imepigwa mstari chini. Mzee akaisoma mbele ya ndugu zangu, jina kwa jina. Mimi ndiye niliyezoea kurudi kwao; siku ile wao ndio walionijia. Tangu hapo swali la nimepata nini huwa silijibu kwa hesabu ya nyumba wala cheo.

Kuna jambo moja la tahadhari, kwa kuwa nimeona watu wenye moyo mzuri wakilikosea. Ukirudi na mfuko wa fedha, hujarudi. Umeanza mradi mwingine. Watu watakuonyesha kilichoharibika na kukuficha walichokitengeneza, kwa sababu aliyetengeneza hapewi. Nenda mikono mitupu, labda na sukari na majani ya chai kwa mwenyeji wako. Shikamoo kwanza, habari za mvua, habari za waliotangulia mbele ya haki, kisha subiri. Siku ya kwanza utaambiwa kila kitu ni kizuri. Siku ya pili utapelekwa kisimani. Mambo yenyewe utayasikia siku ya tatu, jioni, mkipukuchua mahindi, kutoka kwa mtu ambaye mkutanoni hafungui kinywa. Ukiwa na ratiba ya siku mbili, umepishana nayo.

Kijiji cha Singida sasa kina mjadala mkali. Ndoo ya lita 20 imekuwa shilingi 50 tangu mwanzo, na kamati inataka kupandisha ili waanze kuweka akiba ya pampu ya sola na tenki, maana watu wameongezeka na foleni asubuhi ni ndefu. Wajane na wazee wanasema hawataweza. Mama Fundi anataka bei ipande, ila kaya zisizo na uwezo ziandikwe majina na zichote bure, na majina yasomwe hadharani ili asiingizwe ndugu wa mtu. Mwenyekiti anaona kusoma majina ya maskini mkutanoni ni kuwadhalilisha. Wote wawili wana hoja, na mimi sina kura. Wamekubaliana mkutano uwe baada ya kuvuna alizeti, watu wakiwa na fedha mkononi na muda wa kubishana vizuri. Nimeshaomba likizo ya wiki hiyo.